Bajeti ya halmashauri yako: inapangwa lini, nani anaikagua, na wewe unauliza wapi

Kila mwaka ikifika Julai na Agosti, simu ya studio hujaa ujumbe wa aina moja. "Boma letu la zahanati mbona halijapangiwa fedha tena?" "Shule yetu mbona haimo kwenye bajeti?" Ni maswali ya haki kabisa. Tatizo ni kwamba yanafika wakati mlango umeshafungwa.

Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai na kuisha tarehe 30 Juni. Bajeti inayoanza kutumika Julai ilipangwa miezi mingi kabla, pale ambapo wengi wetu huku Masasi, Newala na Nanyumbu tulikuwa tunaokota korosho, tunasubiri mnada, au tunapanda kwa mvua za kwanza. Ndiyo maana tumeandaa makala haya. Yanaeleza fedha za halmashauri zinatoka wapi, madiwani wanazikaguaje, na mwananchi anaingilia wapi kabla mambo hayajapita.

Ijue halmashauri yako kwanza

Wilaya ya Masasi ina halmashauri mbili: Halmashauri ya Mji wa Masasi na Halmashauri ya Wilaya ya Masasi. Newala nayo iko hivyohivyo, ina ya Mji na ya Wilaya. Kila moja ina baraza lake la madiwani, mkurugenzi wake, akaunti zake na bajeti yake.

Mkazi wa Lisekese, hapa mjini, yuko chini ya Mji wa Masasi. Mkazi wa Chiungutwa, Lulindi au Namajani yuko chini ya Halmashauri ya Wilaya ya Masasi. Wa Luchingu ni Mji wa Newala, na wa Kitangari au Mnyambe ni Wilaya ya Newala. Ukipeleka swali la zahanati ya Namajani kwa mkurugenzi wa Mji, utapoteza nauli bure, kwa sababu fedha hizo hazipiti mikononi mwake.

Halmashauri hizi zimetajwa ndani ya Katiba ya nchi, ibara ya 145 na 146, ambazo zinasema lengo lake ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Wazee wanakumbuka kwamba haikuwa hivyo siku zote. Mwaka 1972, katika utaratibu wa Madaraka Mikoani, halmashauri za wilaya zilifutwa na kazi zake zikachukuliwa na maofisa wa Serikali Kuu. Zilirudishwa kwa sheria za mwaka 1982: Sheria Namba 7 kwa wilaya, Namba 8 kwa miji, na Namba 9 inayohusu fedha za serikali za mitaa. Sheria hizo, pamoja na marekebisho yake, ndizo zinazompa diwani mamlaka ya kuhoji fedha hadi leo.

Fedha zinatoka wapi

Sehemu kubwa ya bajeti ya halmashauri nyingi ni ruzuku kutoka Serikali Kuu. Humo mna mishahara ya walimu, wauguzi na watumishi wengine, matumizi mengineyo ya ofisi, na fedha za miradi. Mishahara hupangwa na Serikali Kuu, kwa hiyo diwani hana nafasi ya kuipunguza ili ajenge darasa.

Sehemu ya pili ni mapato ya ndani: ushuru wa mazao, ushuru wa masoko na minada, leseni za biashara, ushuru wa huduma, vibali na ada mbalimbali. Fungu hili ni dogo kuliko ruzuku, lakini ndilo ambalo baraza lina sauti nalo zaidi. Miongozo ya Serikali imekuwa ikizitaka halmashauri kutenga sehemu maalumu ya mapato haya kwa miradi ya maendeleo, kwa viwango kama asilimia 40 au 60 kulingana na uwezo wa halmashauri. Kinachobaki ndicho cha kuendeshea ofisi, yaani mafuta ya gari, posho na vikao.

Sehemu ya tatu ni fedha za wafadhili pamoja na nguvu za wananchi. Tofali mlizofyatua, mchanga mliosomba na michango mliyotoa vina thamani, na vinapaswa kuandikwa kwenye hesabu za mradi. Visipoandikwa, jengo litaonekana limejengwa kwa fedha za halmashauri peke yake.

Korosho yako ndani ya bajeti

Hapa kwetu mapato ya ndani na korosho ni kama pete na kidole. Tangu mwaka 2017 kiwango cha ushuru wa mazao ya biashara ni asilimia 3 ya bei, kutoka asilimia 5 ya zamani. Mazao ya chakula ni asilimia 2. Kwa mujibu wa sheria, mlipaji wa ushuru huu ni mnunuzi.

Tufanye hesabu ya mfano. Bei ikiwa Shilingi 3,000 kwa kilo, ushuru ni Shilingi 90. Tani moja inaingiza Shilingi 90,000. Halmashauri ikikadiria kwamba tani 10,000 zitauzwa kwa bei hiyo, inaandika kwenye bajeti yake Shilingi milioni 900. Bei ikishuka hadi Shilingi 2,000 na tani zikabaki zilezile, itapata milioni 600. Pengo ni milioni 300, na hizo huenda ndizo zilizopangiwa kupaua maboma.

Huo ni mfano tu, lakini kuyumba kwa korosho tumekuona kwa macho yetu. Novemba 2018 wanunuzi walipotoa bei ndogo, Rais John Magufuli alitangaza kwamba Serikali ingenunua korosho yote kwa Shilingi 3,300 kwa kilo, na Jeshi likapewa kazi ya kuisomba. Utaratibu wa kawaida wa minada, ambao ndio ulioleta wanunuzi wanaolipa ushuru, ulisimama msimu ule.

Kwa hiyo swali la kwanza la diwani makini kwenye kikao cha bajeti linahusu mapato: "Mmekadiria tani ngapi, kwa bei gani, na msimu uliopita tulipata kiasi gani hasa?" Makadirio yakipandishwa juu bila sababu, bajeti itapendeza kwenye karatasi, miradi itakuwa mingi, kila kata itatajwa na kila diwani atapigiwa makofi. Ikifika Machi fedha hazipo, na miradi ya kwanza kukatwa ni ile ya vijijini. Mafuta ya magari hayakatwi kirahisi.

Barabara na maji viko kwenye vitabu vingine

Hapa ndipo wengi wanapokosea mlango. Tangu Julai 2017 barabara za vijijini na mijini zinasimamiwa na TARURA. Kuanzia mwaka 2019, kwa Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira, maji vijijini yako chini ya RUWASA. Mijini kuna mamlaka za maji, kwa mfano MANAWASA inayohudumia Masasi na Nachingwea. Fedha za kazi hizo haziko kwenye bajeti ya halmashauri kama zamani.

Kwenye uwanda wa Makonde jambo hili ni zito, maana maji ndiyo shida ya kwanza ya kila nyumba. Hata hivyo diwani hajavuliwa kazi. Mameneja wa taasisi hizo hufika kwenye baraza kueleza mipango yao na hali ya utekelezaji, na diwani ana haki ya kuwauliza. Ila ukimtuma diwani wako akapiganie bomba kwenye bajeti ya halmashauri, umemtuma dukani kununua kitu kisichouzwa pale. Mtume akamuulize meneja wa RUWASA kisima chenu kiko kwenye mpango wa mwaka gani.

Vilivyobaki moja kwa moja mikononi mwa halmashauri ni shule za msingi na sekondari, zahanati, vituo vya afya na hospitali ya halmashauri, ugani wa kilimo na mifugo, masoko, usafi, na mikopo ya vikundi.

Kalenda ya bajeti

Tarehe hubadilika kidogo mwaka hadi mwaka, lakini mtiririko ni huu:

*Oktoba hadi Desemba.* Serikali hutoa mwongozo wa kuandaa mpango na bajeti, pamoja na ukomo, yaani kiwango cha juu ambacho halmashauri haitakiwi kukivuka. Vijiji na mitaa huibua vipaumbele vyake kwa utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, na vipaumbele hivyo hupitishwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji au mkutano wa mtaa.

*Desemba hadi Januari.* Kamati ya Maendeleo ya Kata hukusanya vipaumbele vya vijiji na kuvipanga. Wataalamu wa halmashauri huandaa rasimu kwa kuangalia ukomo.

*Januari hadi Februari.* Rasimu hupita kwenye kamati za kudumu za madiwani, kisha baraza la madiwani huketi kuipitisha. Kikao hiki ndicho kikubwa.

*Februari hadi Machi.* Bajeti hupitiwa mkoani, TAMISEMI na Hazina. Huko inaweza kurekebishwa.

*Aprili hadi Juni.* Bunge hujadili na kupitisha, kabla ya tarehe 30 Juni.

*Julai.* Utekelezaji unaanza.

Tazama hapo juu: nafasi kubwa ya mwananchi ni ile ya kwanza, Oktoba hadi Desemba, ndiyo hiyohiyo ya korosho. Mkutano wa kijiji ukiitishwa siku ya mnada, watahudhuria wachache, na wachache hao ndio watakaoamua kama kijiji kinaanza na nyumba ya mwalimu au na choo cha zahanati. Ni haki yenu kumwomba mwenyekiti apange siku na saa ambayo watu wametoka shamba.

Madiwani wanakagua nini

Diwani hashiki fedha. Fedha zinashikwa na mkurugenzi na wataalamu wake. Kazi ya diwani ni kuamua vipaumbele, kupitisha, na baadaye kusimamia. Kamati inayohusika na fedha hukutana kila mwezi na kupokea taarifa ya mapato na matumizi. Kamati nyingine, kama ya elimu, afya na maji katika halmashauri za wilaya, hufuatilia sekta zake na kutembelea miradi. Baraza zima huketi angalau mara moja kila miezi mitatu. Vikao vya baraza viko wazi kwa wananchi na waandishi wa habari, isipokuwa pale baraza linapoamua jambo fulani lijadiliwe faragha. Huna haja ya kadi ya mwaliko, ila ukiwa msikilizaji huna nafasi ya kuchangia. Swali lako linapita kwa diwani.

Ukaguzi mzuri wa bajeti unasimama juu ya tarakimu tatu: *kilichopangwa, kilichopokelewa, kilichotumika.* Ukipewa moja tu, hujapewa taarifa.

Chukua mfano wa zahanati ambayo haipo, tumeitunga tu. Zilipangwa Shilingi milioni 50 za kumalizia boma. Zikapokelewa milioni 20. Zikatumika milioni 19, na boma lina mbao bila bati. Anayesema "zimeliwa milioni 50" amekosea, kwa sababu 30 hazikufika kabisa. Anayesema "fedha hazikuja" naye amekosea, kwa sababu 20 zilikuja. Maswali ya kweli ni mawili. La kwanza linakwenda kwa mkurugenzi: kwa nini 30 hazikuja, na zimewekwa kwenye bajeti ijayo? La pili linakwenda kwa kamati ya ujenzi: hizo 19 zimenunua nini, na risiti ziko wapi? Mwenye tarakimu tatu huuliza swali ambalo halijibiwi kwa kupigiwa kelele.

Fedha zinazofika karibu na nyumbani

Kuna fungu ambazo mwananchi anaweza kuzikagua bila kusafiri.

*Shule.* Utaratibu wa elimu bila ada ulipoanza kutekelezwa mwaka 2016, ruzuku ya uendeshaji iliwekwa Shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka na 25,000 kwa wa sekondari. Kwa shule za msingi, 4,000 zilibaki TAMISEMI kwa ajili ya vitabu na 6,000 zikapelekwa moja kwa moja kwenye akaunti ya shule. Kwa hesabu hiyo shule ya wanafunzi 600 ilistahili Shilingi milioni 3.6 kwa mwaka. Kamati ya shule, ambayo ina wazazi ndani yake, inapaswa kujua kiasi kilichofika na kilivyotumika. Waulize wajumbe wenu.

*Zahanati.* Vituo vya afya na zahanati navyo hupokea baadhi ya fedha moja kwa moja katika akaunti zao, na kuna kamati ya usimamizi ya kituo yenye wajumbe kutoka kwa wananchi. Kama mjumbe wenu hajawahi kuleta taarifa kwenye mkutano wa kijiji, hilo ni jambo la kuuliza.

*Mikopo ya asilimia 10.* Sheria inaitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, ukiondoa mapato yenye kazi maalumu: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mwaka 2023 mikopo ilisimamishwa kwa muda ili utaratibu urekebishwe, kisha ikarejea mwaka 2024. Halmashauri yenye mapato ya aina hiyo ya Shilingi milioni 900 inatakiwa kutenga milioni 90: wanawake 36, vijana 36, wenye ulemavu 18. Uliza zimetengwa ngapi, na uliza pia marejesho, maana kikundi kisichorejesha kinamfungia mlango kikundi kinachofuata.

*Makusanyo.* Ukilipa ushuru sokoni, dai risiti ya mashine. Makusanyo yasiyopelekwa benki ni hoja ambayo imejirudia katika ripoti za ukaguzi nchini. Fedha ambayo haikuandikwa haiwezi kukaguliwa na diwani wala na mtu mwingine. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Baada ya fedha kutumika

Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, CAG, amepewa kazi yake na ibara ya 143 ya Katiba. Hukagua kila halmashauri na kutoa hati. Hati inayoridhisha, ambayo watu huiita hati safi, maana yake hesabu zimeandikwa inavyotakiwa. Haina maana kwamba kila mradi umekamilika au kwamba kila shilingi imetumika kwa busara. Halmashauri inaweza kupata hati safi na bado ikawa na hoja nyingi za kujibu. Ripoti humfikia Rais mwishoni mwa Machi na huwekwa mezani bungeni Aprili, na ofisi ya CAG huiweka kwenye tovuti yake kwa Kiswahili pia. Kisha madiwani huketi kikao maalumu kujadili hoja za halmashauri yao, na Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali za Mitaa inaweza kumwita mkurugenzi ajieleze.

Wewe nawe una Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Raia anaweza kuandika barua kuomba taarifa kwa taasisi ya umma, na taasisi inatakiwa kumjibu ndani ya siku 30. Andika jina lako, taja taarifa unayoitaka kwa usahihi, na baki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Pale unapoona dalili za wizi au rushwa, TAKUKURU wanapatikana kwa namba 113 bila malipo.

Maswali matano ya kubeba mkutanoni

Mkutano mkuu wa kijiji huwahusu wakazi wote wenye miaka 18 na kuendelea, na sheria inataka ufanyike angalau kila miezi mitatu. Huhitaji kuwa msomi wala kuwa na ugomvi na mtu. Nyoosha mkono, sema "Mheshimiwa mwenyekiti, naomba kuuliza," kisha uliza moja kati ya haya:

1. Vipaumbele vyetu vya mwaka jana vilikuwa vipi, na vipi vilipita hadi bajeti ya halmashauri?
2. Kwa mradi wetu, kilichopangwa ni kiasi gani, kilichopokelewa ni kiasi gani, na kilichotumika ni kiasi gani?
3. Nguvu za wananchi zimeandikwa kwa thamani gani?
4. Taarifa ya mapato na matumizi ya kijiji imebandikwa wapi?
5. Diwani wetu atatuletea lini majibu ya baraza?

Ombeni swali na jibu viandikwe kwenye muhtasari wa mkutano. Swali lililosemwa tu huondoka na upepo. Lililoandikwa kwenye muhtasari linapanda hadi kata, na diwani akienda barazani Februari analo mkononi. Akirudi na jibu la hapana, angalau mtajua hapana hiyo imetoka kwa nani, na mtakuwa na mwaka mzima wa kujiandaa kwa msimu unaofuata.